Oili Iliyodhaniwa Kuvuja: Kisa cha Filta Moja kwenye Mashine ya Kukatia Nyasi

Mashine yenyewe ni ile ya kukatia nyasi ukiwa umekaa juu yake. Injini yake ina silinda 2 zilizopangwa kwa umbo la herufi V, inapozwa kwa hewa, na kranki, yaani mhimili unaozungushwa na injini, imesimama wima ikiteremka hadi kwenye puli zinazozungusha visu. Mwenye mashine alikuwa na malalamiko mawili. Visu vilikuwa vinalegea kila vinapokutana na nyasi nene, na baada ya kukata kwa muda upande wa silensa ulitoa harufu ya kuungua na moshi mwembamba. Chini ya chesisi kulikuwa na utando mweusi wa oili uliochanganyika na vumbi la nyasi. Fundi aliyeitazama kabla yetu alikwishatoa hukumu: sili ya chini ya kranki, ule mpira unaozuia oili isitoke pale kranki inapochomoza, imekwisha, injini ishushwe.

Kushusha injini ya namna hii ni kazi kubwa. Mikanda inatoka, klachi ya umeme inayounganisha injini na visu inatoka, puli, nyaya, paipu ya petroli, silensa. Sili mpya ikiingia upande tu, yote yanarudiwa. Kwa hiyo kabla ya kushika spana tulikaa chini tukausoma ule uchafu.

Uchafu ulivyosomeka

Oili inayotoka kwenye sili ya chini huanzia katikati, pale kranki inapochomoza, na kwa sababu hapo pana puli inayozunguka kwa kasi, oili hiyo hurushwa pande zote. Ukiona madoa yamesambaa kwa duara juu ya kasha la visu, sili ni mtuhumiwa wa kweli. Hapa katikati palikuwa pakavu, pana vumbi la kawaida tu. Utando ulianzia chini ya filta ya oili. Kutoka pale ulishuka kwenye ubavu wa bloku, ukaingia kwenye mkunjo wa chesisi, ukaufuata kama maji yanavyofuata mfereji mpaka kwenye tundu la boliti, na hapo ukadondokea kwenye mkanda wa visu na ukingo wa klachi. Tawi la pili lilielekea kwenye kinga ya joto ya silensa.

Malalamiko yote mawili yalikuwa yamepata jibu. Mkanda uliolowa oili huteleza kwenye puli, na klachi ya umeme ikiingia oili kwenye nyuso zake za msuguano haishiki sawasawa. Injini inanguruma vizuri huku visu havipati nguvu yake. Oili iliyokaa kwenye kinga ya silensa huungua kila joto linapopanda, na ikishikamana na nyasi kavu hapo, jambo linavuka kero na kuwa hatari ya moto.

Kulikuwa na dalili nyingine mbili. Kijiti cha kupimia kilionyesha oili ipo kati ya alama mbili, na mwenyewe alisema hajaongeza hata tone tangu sevisi iliyopita. Injini inayovuja kiasi cha kulowesha chesisi nzima haiwezi kubaki na kiwango kilekile. Tena ule utando ulikuwa umekauka juu na kuwa na gamba. Uvujaji unaoendelea huacha alama mbichi yenye kung'aa.

Hata hivyo dalili si uthibitisho. Tuliosha sehemu yote kwa dawa ya kuyeyusha grisi na brashi, tukaacha ikauke kabisa, kisha tukapaka unga mweupe wa talki kuzunguka sili, kuzunguka kiti cha filta na chini ya nati ya sampo, yaani sehemu ya chini ya injini inamokaa oili. Injini ikawashwa ikanguruma nusu saa. Unga ulibaki mweupe kila mahali. Hakukuwa na uvujaji wowote. Kilichokuwa chini ya mashine ile ni oili iliyomwagika siku filta ilipofunguliwa mara ya mwisho, ikaachwa ijitafutie njia.

Hiki ndicho kinachonifanya nikieleze kisa hiki kwa urefu. Watu wengi huona kumwaga oili wakati wa sevisi kuwa suala la usafi wa sakafu. Kwenye gari hilo lina ukweli fulani, maana chini ya filta kwa kawaida hakuna mkanda wala klachi. Kwenye mashine ya kukatia nyasi, kila kitu kinachohitaji kuwa kikavu kimejazana chini ya injini. Tena injini inayopozwa kwa hewa inategemea mapezi yake, vile vibati vyembamba vya kutolea joto, yawe wazi. Mapezi yenye oili hukamata vumbi la nyasi mpaka yanazibwa, na injini inapata joto kupita kiasi. Kumwaga ni kosa la kiufundi, na lina gharama.

Kwa nini filta ile humwaga

Filta ilikuwa imelala, mdomo wake umeelekea kwenye ubavu wa bloku, na kiti chake kiko juu kidogo tu ya chesisi. Mpangilio huu ni wa kawaida sana kwenye injini hizi. Ukilegeza filta iliyolala hivyo, oili haitoki kwenye kopo la filta lenyewe. Inatoka kwenye mzingo wa mpira unaoziba mdomo wa filta, sehemu ya chini kabisa, na inateremka ikiwa imegandana na chuma cha bloku. Mtu aliyeweka beseni chini ya filta na kuamini amejiandaa atalikuta beseni kavu na chesisi imelowa.

Halafu kuna kiasi. Oili ya sampo ikishamwagika yote, ndani ya filta bado kuna akiba. Filta nyingi zina vali ndogo ya mpira inayozuia oili isirudi kwenye sampo injini ikizimwa, ili siku inayofuata isikose oili sekunde za kwanza. Vali hiyo ni nzuri kwa injini, lakini maana yake ni kwamba hata ukisubiri sampo limalizike kudondoka, filta itabaki imejaa. Vitabu vya injini za silinda 2 hutaja ujazo wa aina mbili, pamoja na filta na bila filta, na tofauti huwa takriban robo lita. Robo lita hiyo ndiyo iliyoharibu mkanda wa mashine yetu. Oili nyingine yote ilitoka kwenye sampo bila fujo yoyote.

Mtu anayejua hayo mawili, kwamba oili itapitia chini ya mpira na kwamba itakuwa robo lita, ameshamaliza sehemu ngumu. Kilichobaki ni kuitengenezea njia kabla ya kuifungua.

Sevisi yenyewe

Mita inayohesabu saa za injini kufanya kazi ilionyesha wakati wa kubadilisha oili umefika, kwa hiyo tuliifanya kazi hiyohiyo upya, mahali palepale palipoharibika. Injini nyingi za aina hii hutaka oili ibadilishwe kila baada ya saa 50 au 100 kulingana na mtengenezaji, au mara moja kwa mwaka ikiwa saa hizo hazijafika, na injini mpya hutaka ya kwanza mapema zaidi, baada ya saa 5 hadi 8. Kitabu cha injini ndicho kinachoamua, na ni kitabu cha injini ninachosema, si cha mashine peke yake. Mara nyingi waliotengeneza ni wawili tofauti.

Mashine iliwekwa mahali tambarare, breki ya kuegesha ikafungwa, injini ikanguruma kama dakika tano. Oili ya vuguvugu ni nyepesi, inatoka upesi na inabeba uchafu uliokuwa umetulia chini. Oili ya moto sana inaunguza, na kwenye injini hii silensa iko kiganja kimoja tu kutoka kwenye filta. Kwa hiyo tuliizima, ufunguo ukatolewa, nyaya za plagi zote mbili zikachomolewa, na tukasubiri mpaka kopo la filta lishikike kwa mkono bila kuchoma. Kusubiri huko watu hukuruka, nami naona ni hatari zaidi kuliko hatua nyingine yoyote ya kazi hii: mkono ulioungua huachia kila ulichoshika.

Wakati wa kusubiri ulitumika kusafisha. Kuzunguka kijiti, kuzunguka nati ya sampo na kuzunguka filta palifutwa mpaka chuma kikaonekana. Uchafu usiofutwa kabla huingia ndani kila unachokifungua.

Kisha vitu vikawekwa karibu: beseni pana lenye ukingo mfupi, kadibodi kubwa chini ya mashine, matambara, glavu za nitrili, mfuko mzito wa plastiki, karatasi nene ya alumini, chupa ya plastiki iliyokatwa kwa urefu ikawa mfereji, spana ya filta ya mkanda, faneli yenye shingo ndefu, na filta mpya iliyolinganishwa na ile ya zamani. Kulinganisha ni muhimu kuliko inavyosemwa. Filta mbili zinaweza kufanana kwa rangi na kimo lakini zikatofautiana nyuzi, kipenyo cha mpira, au nguvu ya vali ya ndani. Namba ya kwenye kitabu ndiyo ya kufuata.

Tulianza na sampo. Injini hii hutoa oili kupitia kipande cha bomba la chuma kinachochomoza kutoka kwenye bloku, na nati imefungwa kwenye ncha yake. Spana moja ilishika bomba lisizunguke, nyingine ikafungua nati. Usiposhika bomba, linaweza kuanza kufunguka lenyewe kutoka kwenye bloku, na hapo oili inatoka mahali ambapo hakuna beseni. Kijiti kilikuwa bado kimefungwa. Hewa ikiingia kidogo, oili nayo huanza kutoka kwa utulivu kiasi, na mtu anapata nafasi ya kutoa nati bila kuiangusha ndani ya beseni. Nati iliposhikwa salama mkononi, kijiti kikafunguliwa na oili ikashuka kwa kasi yake.

Jambo moja la kuangalia hapa: oili ya mwanzo hutoka ikirushwa mbele kwa uzito wa iliyo juu yake, kisha kadiri sampo linavyopungua mtiririko hurudi nyuma mpaka unadondoka wima kandokando ya bomba. Beseni dogo lililolengwa vizuri mwanzoni litakosa ya mwisho. Ndiyo sababu ya beseni pana, na ndiyo sababu ule mfereji wa chupa uliwekwa kuanzia chini ya bomba, ukavuka ukingo wa chesisi, ukaishia ndani ya beseni. Mtiririko ulipokuwa matone, magurudumu ya upande wa pili yaliinuliwa kwa kibao chembamba na ikatoka tena oili ya kutosha kuonekana. Kisha mashine ikarudishwa tambarare.

Oili ilitazamwa kabla ya kufunikwa. Ilikuwa nyeusi, kama inavyopaswa. Ingekuwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Ingenuka petroli na kiwango chake kiwe kimepanda kwenye kijiti, sindano ya kabureta haifungi na petroli inashuka ndani ya injini. Ingekuwa na chembe zinazong'aa, kuna chuma kinachosagika. Beseni safi lina faida hiyo: unayoyaona ndani yake yametoka kwenye injini, hayakutoka kwenye beseni.

Nati ilirudishwa na kukazwa kwanza, ndipo tukaenda kwenye filta. Wapo wanaoliacha sampo wazi ili kazi zote mbili ziende pamoja. Kwenye nafasi finyu kama hii napendelea shimo moja tu liwe wazi kwa wakati mmoja.

Karatasi ya alumini ilikunjwa mara mbili, ikakandamizwa kwa vidole juu ya bloku chini tu ya kiti cha filta, ikafuata umbo la chuma, na pande zake zikainuliwa kuwa kingo. Mwisho wake uliteremka kwenye mfereji wa chupa na kutoka hapo hadi kwenye beseni. Ukingo wa juu wa karatasi lazima ubanane na bloku, juu ya mahali oili itakapopita. Ukiacha mwanya hata mwembamba, oili itapita nyuma ya karatasi na kazi yote ni bure. Kitambaa kiliwekwa kwenye mkunjo wa chesisi kama ulinzi wa pili, na kingine juu ya kinga ya silensa.

Spana ya mkanda ilikamata filta karibu na mzingo wake mnene, si katikati ya kopo ambako bati hukunjika. Ililegezwa kwa robo mzunguko. Hapo spana ikawekwa pembeni, filta ikazungushwa kwa mkono taratibu mpaka oili ya kwanza ikaonekana chini ya mpira. Tukasimama. Huu ndio wakati ambao kazi nyingi huharibika, kwa sababu mkono unataka kuendelea. Ukiendelea, robo lita nzima inatoka kwa pumzi moja, na hakuna mfereji wa alumini unaoweza kuipokea. Ukisimama, hewa huingia juu ya mpira na oili hutoka chini yake kwa utulivu, uzi mwembamba unaoteremka kwenye karatasi. Ulipopungua, filta ikazungushwa kidogo zaidi, tukasimama tena. Ikaendelea hivyo mpaka matone tu.

Baada ya hapo mfuko wa plastiki ulivalishwa juu ya filta yote, na kupitia mfuko huo filta ikazungushwa mpaka nyuzi za mwisho. Ilipoachia, mdomo uligeuzwa juu palepale, ndani ya mfuko, na mfuko ukatolewa ukiwa umefungwa. Karatasi ya alumini ilibaki na njia nyeusi katikati yake. Chesisi ilikuwa kavu, na kitambaa cha kwenye mkunjo hakikuwa na doa.

Kuna njia ya kutoboa filta kwa msumari sehemu ya chini ili imwagike kabla ya kufunguliwa. Inafanya kazi, na ina wapenzi wake. Siipendekezi kama hatua ya kwanza. Ikiwa filta imegoma kufunguka na tayari ina tundu, injini haiwezi kuwashwa tena wala mashine haiwezi kusogezwa kwa nguvu yake. Atakayetaka kutoboa ahakikishe kwanza kwamba filta imekubali kuzunguka. Na ikishakubali, kwa kawaida haja ya kutoboa imeshakwisha.

Kufunga na kujaza

Kabla ya filta mpya kuingia tuliitazama ile ya zamani mdomoni: mpira wake upo? Mara nyingine hubaki umegandia kwenye bloku, na filta mpya ikifungwa juu yake inakuwa mipira miwili. Inaweza kuonekana imekaza vizuri, kisha injini ikiwashwa shinikizo linausukuma mmoja nje na oili yote inamwagika ndani ya muda mfupi. Hakuna umwagikaji mkubwa kuliko huo katika sevisi yote, na unazuilika kwa kutazama tu.

Kiti cha bloku kilifutwa, mpira mpya ukapakwa oili safi kwa kidole, na filta ikafungwa kwa mkono mpaka mpira ukagusa. Kutoka hapo ni nusu hadi robo tatu ya mzunguko, kwa mkono uleule. Spana ya filta ni ya kufungulia. Ikitumika kufungia, mwaka ujao mtu atateseka kuifungua, na ndiyo asili ya zile filta zilizokunjika na kutobolewa kwa bisibisi. Filta hii hatukuijaza oili kabla ya kuifunga, maana imelala, ingemwagika njiani.

Aina ya oili ilifuata kitabu. Kwa injini nyingi zinazopozwa kwa hewa, SAE 30 (namba hizi huonyesha uzito wa oili) ndiyo ya kawaida joto la nje likiwa juu ya nyuzi 4 za Selsiasi, na 10W-30 huruhusiwa kwenye baridi zaidi. Katika joto kali 10W-30 inaweza kuliwa na injini haraka zaidi, kwa hiyo anayeitumia apime mara kwa mara.

Ujazo kamili na filta ulikuwa kama lita 2. Tulimimina lita moja na nusu tu, kupitia faneli iliyoshikwa isiegemee. Oili inachukua muda kushuka kwenye shingo ndefu ya kijiti, na anayepima mapema huona kiwango cha chini kisicho cha kweli, akaongeza, akapitiliza. Baada ya kusubiri dakika chache tuliongeza kidogo kidogo hadi karibu na alama ya juu, nyaya za plagi zikarudishwa, injini ikanguruma kwa mwendo wa chini kwa nusu dakika hivi, ikazimwa. Filta ilipojaa kiwango kilishuka, kama ilivyotarajiwa, tukamalizia. Kijiti nacho kina masharti yake: vingine husomwa vikiwa vimekazwa hadi mwisho, vingine vikiwa vimeegeshwa tu juu ya mdomo, na tofauti ya kusoma inatosha kukupoteza. Kitabu kinasema.

Kupitiliza pia ni namna ya kumwaga. Oili ya ziada huchapwa na kranki, hupanda kupitia tundu la kupumulia hadi kwenye chujio cha hewa, injini inatoa moshi mweupe wa buluu na chujio linalowa. Wapo waliokwenda kununua kabureta kwa tatizo hilo.

Mkanda, klachi, na njia nyingine

Mkanda wa visu haukuokoka. Raba iliyokaa na oili kwa miezi hulainika na kuvimba, na kuuosha hurudisha mshiko kwa muda mfupi tu. Uliwekwa mpya. Puli na nyuso za klachi zilisafishwa kwa spirei ya kusafishia breki, mara kadhaa, zikaachwa zikauke, na klachi ikashika. Visu vilirudi kwenye nguvu yake kwenye nyasi nene, na harufu ya kuungua haikurudi. Sili iliyohukumiwa ipo mahali pake mpaka sasa.

Mashine nyingine zitadai mpangilio tofauti. Zenye vali ya plastiki ya kumwagia ndizo rahisi kuliko zote: unavalisha mpira laini kwenye mdomo wa vali, unauelekeza kwenye chombo, unazungusha vali kinyume cha mwendo wa saa na kuivuta nje. Mpira uwe wa kubana, na vali isilazimishwe, maana plastiki iliyozeeka hupasuka. Zenye filta inayoning'inia mdomo juu hazina shida kubwa, mfuko peke yake unatosha. Injini ndogo zinazolainishwa kwa kurushiwa oili bila pampu hazina filta kabisa, na habari yote ya karatasi ya alumini haizihusu.

Pampu ya kunyonya oili kupitia shingo ya kijiti ni chaguo la heshima pale nati ya sampo imewekwa mahali pabaya. Haidondoshi kitu, na mtu halazimiki kulala chini. Kasoro yake ni kwamba mrija haufiki kila pembe ya sampo, hivyo mashapo mazito yanaweza kubaki, na robo lita ya filta bado iko palepale. Aliyenyonya sampo kwa pampu asijidanganye kwamba mfereji wa filta hauhitajiki.

Oili chafu iliingia kwenye dumu lenye mfuniko wa kukaza, likaandikwa kilichomo. Dumu lisiwe limewahi kubeba petroli, maji ya rejeta wala dawa, kwa sababu oili iliyochanganyika ni vigumu kuchakatwa upya. Filta ya zamani iliachwa mdomo chini juu ya beseni usiku kucha, na bado ilitoa oili. Vyote vinapelekwa mahali panapopokea oili iliyotumika. Kuimwaga ardhini, kwenye mtaro au kuichoma ni kuhamisha fujo ileile kutoka kwenye chesisi kwenda kwenye maji ya watu. Ina metali na kemikali zilizotokana na injini, na ngozi pia haipendi kukaa nayo, ndiyo maana ya glavu. Tone likianguka sakafuni, unga wa mbao au mchanga mkavu hulifyonza, kisha hufagiliwa. Maji hulisambaza tu.

Siku iliyofuata baada ya kukata nyasi, kiwango kilipimwa tena na kidole kikapitishwa chini ya filta na chini ya nati ya sampo. Palikuwa pakavu. Tarehe na saa za mita ziliandikwa kwa kalamu ya wino mzito juu ya kopo la filta mpya, mahali atakapoziona yeyote atakayeifungua.